Msimbazi, kutoka Pugu hadi Salender

Alhamisi, Pugu

Vijana wa bodaboda pale Pugu Kajiungeni walicheka nilipowaambia nimekuja kuuona Mto Msimbazi. "Mto huku? Mto upo Jangwani, blaza, umepitiliza." Siwalaumu. Kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam, Msimbazi ni ile habari ya redio asubuhi ya mvua: barabara ya Morogoro imefungwa, tumieni njia mbadala. Kwamba una mwanzo, na kwamba mwanzo wenyewe uko vilimani nyuma ya Gongo la Mboto, hilo halimhusu mtu mwenye haraka.

Unaanzia huku, kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe. Unashuka kilomita 35 hivi na kuingia Bahari ya Hindi penye Daraja la Salender, ukiwa umekusanya maji ya eneo la kilomita za mraba 270 hivi. Nimekuja kuufuata kwa miguu, vipande kwa vipande, kabla vuli haijachanganya. Nataka kujua maji yanaharibikia wapi. Jibu la kijiweni ni "viwandani", na mimi mwenyewe nimelirudia miaka mingi bila kupanda huku juu hata siku moja.

Vifaa vyangu si vya maabara. Nina chupa tupu za maji za nusu lita, utepe wa karatasi wa kuandikia mahali, glovu, na kifuniko cheupe cha ndoo nilichokitoboa katikati nikakifunga kamba na jiwe. Kamba ina fundo kila sentimita kumi. Unakizamisha taratibu, na fundo ambalo kifuniko kinapotelea machoni ndilo unaloliandika. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuifanya kazi hiyo, na inasema mengi.

Mlinzi wa msitu alinipeleka kwenye kijito upande wa hifadhi. Maji yana rangi ya chai ya rangi kwa sababu ya majani yaliyoozea humo, lakini kifuniko kilifika chini ya kidimbwi nikaendelea kukiona, na kijani kidogo cha mwani juu ya mawe pia. Ukiingiza vidole ardhini hapo vinazama mpaka kwenye viungo: majani makavu, chini yake majani yaliyooza, chini yake mizizi myembamba kama nywele, ndipo unagusa udongo. Mvua ya msituni haianguki ardhini moja kwa moja. Inapiga majani, inachuruzika kwenye mashina, inaingia kwenye hilo godoro na kunyonywa. Inayofika kijitoni inafika imechelewa na imechujwa.

Tukatoka nje ya miti. Mwendo mfupi tu, labda wa kumaliza sigara moja, tukakuta mlima umepigwa greda. Viwanja vimekatwa kufuata mteremko, bikoni za zege zimesimama kila kona, na bango la dalali lina namba tatu za simu. Hakuna nyumba hata moja bado, ila barabara zimeshachongwa, na katikati ya kila barabara kuna mfereji ambao hakuna aliyeuchimba. Umechimbwa na maji ya mvua chache zilizokwisha kunyesha. Wa kwanza ulinifika kifundoni, wa chini yake gotini.

Udongo wa Pugu una sifa yake. Wajerumani walichimba huku udongo mweupe wa kaolini, na mapango waliyoyaacha ndiyo wanafunzi wanaletwa kuyatembelea. Ni chembe laini mno. Mchanga ukiingia mtoni unatua chini kwa dakika chache, lakini udongo wa aina hii unaning'inia majini siku nzima, unazuia mwanga, unaziba matamvua ya kupumulia ya samaki, na kila chembe inabeba mgongoni kitu kingine: fosforasi ya mbolea, bakteria, madini. Nilichota chupa kwenye dimbwi lililobaki chini ya barabara ya kwanza. Ilikuwa kama maziwa yaliyomwagiwa kakao. Kifuniko kilipotea kabla ya fundo la kwanza, na hapo hapajajengwa choo wala kiwanda.

Ijumaa, Gongo la Mboto, Ulongoni, Kinyerezi

Leo nilikuwa na shemeji yangu. Anaendesha gari la kunyonya majitaka, na barabara za ndani za Ilala anazijua kwa harufu, anasema mwenyewe. Ijumaa hana kazi mpaka jioni. Nilimwomba anisindikize kwa sababu mtu mgeni akionekana anachota maji kwenye chupa na kuandika, wenyeji wanadhani ni mtu wa kupiga X.

Hiyo X ina historia. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, nyumba nyingi za mabondeni ziliwekewa alama ya X kwa rangi nyekundu na nyingine zikavunjwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria nzuri kabisa. Tatizo lake utaliona Ulongoni: mita 60 kutoka ukingo upi? Ukingo unatembea.

Mama mmoja alituonesha. Nyumba yake ya vyumba vinne sasa ina vyumba vitatu na ukuta mmoja unaotazama hewani, bado umepakwa rangi ya waridi na msumari wa kutundikia nguo uko palepale. "Mwanangu, nilipojenga, mto ulikuwa kule kwenye ule mnazi," akasema, akanyoosha kidole ng'ambo ya korongo pana la mchanga. Mnazi wenyewe haupo. Amejaza viroba vya mchanga na matairi chakavu ukingoni, na kila masika anaongeza safu nyingine. Kumwita huyu mvamizi wa mto kunahitaji moyo mgumu. Mto ndio uliomfuata.

Kwa nini unatanuka? Tulikaa kivulini tukapiga hesabu, shem akitumia kikokotoo cha simu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya kawaida yenye paa la mita za mraba 120, mvua ya milimita 50, ni lita 6,000. Hayo ni matangi sita ya lita elfu moja kutoka paa moja, kwa mvua moja. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kikisakafiwa chote, kama wanavyopenda sasa, bati la msauzi juu na pevingi chini mpaka getini, ni lita 20,000. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ilizama kwenye shamba la mihogo na mikorosho. Leo yanatoka getini kwa mbio, yanaingia barabarani, barabara inayatupa korongoni, na yanafika mtoni yote kwa pamoja. Mto uliozoea kupokea kidogo kidogo unapigwa ngumi. Unakula kingo, unakula madaraja, na unachokula unakibeba.

Dar ilikuwa na watu milioni 4.36 kwenye sensa ya 2012 na milioni 5.38 kwenye ile ya 2022. Milioni moja hiyo haikwenda kukaa Posta, katikati ya jiji. Imekuja huku, Kinyerezi, Chanika, Majohe, Pugu, kwenye ardhi iliyokuwa na miti ya kunyonya maji.

Na kuna wachimba mchanga. Tuliwakuta chini ya Ulongoni, vijana kama kumi na machepe, tipa limerudi nyuma mpaka kwenye maji. Kwa hili nina mawazo mawili yanayogombana. Kuchimba mchanga kunashusha kitako cha mto na kuangusha kingo, hilo halina ubishi. Lakini mchanga wenyewe umetoka juu, na wao wanaondoa sehemu ya mzigo ambao ungekwenda kuziba Jangwani. Nilimuuliza mmoja wao mchanga unauzwa wapi. "Kunakojengwa, bosi. Kinyerezi hapo juu, Pugu, Msongola." Yaani mchanga ulioshushwa na ujenzi unapandishwa tena kwenda kujengea. Shem alicheka mpaka akakaa chini.

Maji ya Kinyerezi yalikuwa membamba, ya kahawia. Kifuniko kilipotea kwenye fundo la kwanza na nusu. Harufu bado si mbaya, ni ya udongo na sabuni kidogo, kwa sababu maji ya kufulia yanamwagwa barabarani kila nyumba. Choo bado kilikuwa kimejificha.

Jumamosi, Tabata

Mvua imenyesha. Imeanza saa kumi alfajiri, na saa moja asubuhi nilikuwa nimesimama na mwavuli karibu na daraja la Barabara ya Mandela, nimelowa mpaka kwenye mfuko wa simu.

Kama una siku moja tu ya kuutazama mto huu, chagua ya namna hii, mvua ya kwanza kubwa baada ya kiangazi. Kwa miezi barabara imekuwa ikihifadhi kila kitu: mafuta ya injini chini ya magari mabovu, vumbi la matairi na breki, kinyesi cha mbuzi na ng'ombe wanaopelekwa mnadani Pugu, majivu ya jiko la mama lishe, chembe za zinki zinazochujuka kwenye mabati. Mvua ya kwanza inafagia ghala lote kwa saa moja. Maji ya mtaroni yalikuja kwanza meusi, yana utando wa rangi za upinde wa mvua juu yake na povu pembeni. Baadaye yakawa ya kijivu, halafu ya kahawia. Chupa niliyojaza dakika za mwanzo na niliyojaza saa moja baadaye ungeapa ni za mito miwili tofauti. Mtu akija kupima saa nne, mvua imekatika, atasema maji ni machafu kiasi. Amekosa saa ya uchafu wenyewe.

Jambo jingine hulioni kwa macho. Maji ya mtaroni yalikuwa ya vuguvugu. Lami na pevingi zilizokaa juani wiki nzima zinayapasha moto yanapopita, na maji ya moto yanashika oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Kiumbe cha mtoni kinanyimwa hewa kabla hata hajaanza kulishwa sumu.

Halafu likaja lile ambalo shem alinionya usiku: "Kesho ikinyesha, usisimame chini ya bomba." Tulikuwa tumejikinga barazani kwenye duka, mtaa mmoja kutoka mtoni. Mvua ilipokuwa imeshika kasi kabisa, kijana alitoka nyumba ya pili akiwa na kipande cha nondo, akainama nyuma ya ukuta, na bomba la inchi nne la shimo la choo, lililokuwa limezibwa kwa kiroba na saruji hafifu, likaanza kutema. Watu wa barazani waligeuza nyuso tu. Wanatapisha. Kila mtu Dar analijua neno hilo na kila mtu anasema ni majirani zake.

Shem hakukasirika kama nilivyotegemea. "Shem, wewe unafikiri wanapenda? Tripu moja ya gari langu ni hela ya chakula cha wiki kwa nyumba ya wapangaji. Na nyumba kama hii silifikishi gari hata wanilipe. Njia iko wapi?" Alinyoosha mkono. Kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na upana wa mtu mmoja aliyebeba ndoo. Hapo ndipo ramani inapogeuka kuwa maji machafu. Mtaa ulijengwa bila barabara, gari la majitaka haliingii. Maji ya ardhini yako juu kwa sababu ni bondeni, shimo linajaa haraka. Mtandao wa mabomba ya majitaka unafika sehemu ndogo tu ya jiji, hasa katikati. Mwenye nyumba ameongeza vyumba vya kupangisha, watu waliokuwa sita wamekuwa ishirini, choo ni kilekile. Ukiyajumlisha hayo, yule kijana na nondo yake ni hatua ya mwisho tu ya jambo lililoanza siku kiwanja kilipokatwa.

Mwaka 2015, kuanzia Agosti, kipindupindu kilianzia Dar es Salaam na kuenea mikoani. Dukani pale wanakikumbuka vizuri. Mwenye duka alisema siku zile aliuza chupa za klorini kuliko soda.

Tabata ina jambo moja la kujivunia. Mwaka 1988 wakazi wake walilishtaki jiji mahakamani kwa sababu ya dampo lililokuwa likifuka moshi majumbani mwao, wakashinda. Mahakama ikaamuru dampo liondoke. Liliondoka kweli, likahamia kwa wengine, na baada ya kuhamahama likatua Vingunguti, kando ya mto huuhuu. Nitafika huko.

Jumapili

Sikwenda popote. Nimezipanga chupa dirishani na kuziangalia kama mtu anayesubiri uji upoe. Ya msituni: vumbi kidogo chini. Ya Pugu kwenye viwanja: siku ya nne leo, juu bado haijawa safi. Ya Tabata ya dakika za mwanzo: tope jeusi chini, maji ya kijivu katikati, utando juu. Nilipoilegeza kizibo ilitoa hewa, *pss*, kama soda. Nimeitoa nje.

Jumatatu, Vingunguti

Wenyeji wa Vingunguti wana haki ya kuchoka kuulizwa habari za uchafu. Jiji limewapa yote: dampo lililofungwa 2001, machinjio, viwanda vya Barabara ya Nyerere kwa juu, na mabwawa ya majitaka ambako shem anakuja kumwaga mzigo wake. Niliingia naye kwenye gari. Kulikuwa na foleni ya magari ya rangi zote, yameandikwa maneno ya kuchekesha nyuma. Dereva mmoja kafunga khanga usoni. Mpira unashushwa, valvu inafunguliwa, na ninaacha hapo.

Mabwawa hayo ni teknolojia ya heshima kuliko yanavyoonekana. Hayana mashine. Majitaka yanakaa siku kadhaa bwawa hadi bwawa, tope linatua, bakteria wanakula, mwani unatoa oksijeni kwa mwanga wa jua, na jua linaua vijidudu. Yakipewa muda na nafasi yanafanya kazi. Lakini muda na nafasi ndivyo vitu jiji linalokua halina. Tope linajaa, nyumba zimesogea mpaka ukutani, na yanayotoka upande wa pili yanaingia Msimbazi.

Nilisimama kwenye ukingo chini ya dampo la zamani. Ukuta wa taka umekatwa na mto kama keki, unaona tabaka: mifuko ya rambo ya miaka ya tisini, vitambaa, vioo, udongo, tena mifuko. Lilifungwa 2001, na kila mafuriko mto unajichukulia kipande.

Hapa maji ni meusi kweli, na weusi wake una sababu. Bakteria wanaokula kinyesi na damu ya machinjioni wanatumia oksijeni. Chakula kikizidi, oksijeni inaisha, na kazi inachukuliwa na bakteria wengine wanaoishi bila hewa. Hao wanatoa gesi yenye harufu ya yai viza, gesi hiyo inakutana na chuma kilichomo kwenye udongo, na tope linageuka jeusi tii. Chuma kimetoka wapi? Kwenye udongo wa vilimani, sehemu yake. Nilikuwa nikidhani Pugu na Vingunguti ni matatizo mawili. Kumbe la kwanza linalipelekea la pili malighafi. Nilitia fimbo kwenye tope, mapovu yakapanda juu kwa muda mrefu baada ya kuitoa.

Hatua chache kutoka hapo, matuta ya mchicha. Mazuri, ya kijani kibichi, yamenyooka kama daftari la mwalimu. Mama aliyekuwa akimwagilia kwa keni mbili alinijibu kabla sijamuuliza. "Najua unachotaka kusema. Wamekuja wengi. Nioneshe maji mengine nitayatumia." Uchunguzi wa mboga za bonde hili umeshaonesha madini mazito kama risasi, na mboga hizo zinauzwa masoko ya mjini. Sikuwa na maji mengine ya kumwonesha. DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, inavuta maji kutoka Mto Ruvu, mtambo wa Ruvu Chini lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu milioni 196, na kiangazi kikikaza kama ilivyokuwa mwaka 2022, hata ya kunywa ni ya mgawo. Jiji linakunywa Ruvu na kujisaidia Msimbazi. Labda ndiyo maana huu wa pili hauna mtetezi: hakuna anayeufungulia bombani asubuhi akaona rangi yake.

Kwenye kitabu niliandika fundo la sifuri. Kifuniko kilipotea kikiwa kimelazwa juu ya maji na wimbi dogo likikipita.

Jumanne, Kigogo, Jangwani, Salender

Kigogo nilipita haraka, jua kali. Mito midogo ya upande wa kaskazini, Sinza na Ubungo, inaleta ya kwao, hadithi ileile na viwanja vilivyojengwa zamani zaidi.

Jangwani ndipo bonde linapokuwa tambarare na mto unachoka. Maji yakipunguza mwendo yanatua mzigo, na mzigo ni mchanga wa vilimani, mwingi kiasi kwamba kitako cha mto kinapanda, na kila mvua inahitaji maji machache zaidi ili kufurika. Mwanamume mmoja anayeosha pikipiki alinionesha nguzo ambayo zamani, anasema, alikuwa akipita chini yake amesimama. Sasa angepita kwa kutambaa. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na waliopona mabondeni wengi walipelekwa Mabwepande. Baadaye karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa hapahapa, huduma ikaanza 2016, na karakana imeshaingiwa na maji mara nyingi.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hili. Kuna kulipa fidia waliokaa bondeni, kuna daraja jipya refu la Jangwani, kuna kupanua mto na kutengeneza bustani, na kuna pia kipengele cha kutunza ardhi ya juu ili mchanga usishuke. Kwa niliyoyaona Alhamisi, hicho cha mwisho ningekiweka cha kwanza. Daraja litainuliwa na watu wataliona kwenye televisheni. Lakini kuzuia greda lisichonge mlima wa Pugu wakati wa masika, kumlazimisha mwenye mradi wa viwanja aache ukanda wa miti kwenye kila korongo na achimbe bwawa la kutulizia tope kabla hajauza kiwanja cha kwanza, hiyo ni kazi isiyo na utepe wa kukata. X nyekundu inakwenda bondeni kwa sababu bondeni ndiko maji yanakoonekana. Sijawahi kuona X kilimani.

Niliingia Salender saa tisa, bahari ikiwa inajaa. Hapa kuna miti ya mchu, mizizi yake ya kupumulia imechomoza topeni kama vidole, na karibu kila kidole kimevaa mfuko wa plastiki. Mizizi hiyo ndiyo pua ya mti, ikifunikwa unasongwa. Maji ya bahari yalikuwa yakisukuma juu, ya mto yakisukuma chini, na katikati kulikuwa na mstari: upande huu kahawia, upande huu kijani, chupa tupu na povu vikizunguka mpakani. Ng'ambo yake magari yalikuwa yakipita Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, vioo vimefungwa.

Mvuvi mmoja alikuwa anasafisha wavu kwenye tope. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa. Nikamuuliza kama alihisi mvua ya Jumamosi. "Ya huku haikunyesha sana. Ile ya juu ndiyo tuliyoiona, Jumapili maji yamekuja mekundu mpaka kule kwenye mashua." Alikuwa anachomoa kitu kimoja kimoja kwenye matundu: nepi, kamba ya viatu, nepi, kipande cha kiroba cha saruji, nepi. Samaki mmoja tu. Matundu mawili yalikuwa yamechanika kwa upana wa kichwa.

"Unaandika nini?" akaniuliza.

Nikamwambia nimeufuata mto kutoka mwanzo.

"Basi wewe ndiye ninayekutafuta. Wavu huu nikaudai mtaa gani?"

Nikaanza kumtajia. Pugu, wanakopima viwanja. Gongo la Mboto. Ulongoni. Kinyerezi na mapaa yake. Tabata. Vingunguti, lakini huko wenyewe ni wadai. Kigogo. Na sisi tuliopita darajani.

"Aa, toka," akasema, akarudi kwenye wavu wake. "Ushanichosha. Mimi nilitaka mmoja."